Mkono Ule Ndani ya Kioo

Sisi vijana wa Kirotshe tumekulia kando ya kioo kikubwa. Alfajiri, kabla upepo haujaamka, Ziwa Kivu hutulia hata vilima vikasimama ndani yake kichwa chini. Mgomba ulio kushoto kwetu hubaki kushoto. Kilichopinduka ni juu na chini tu. Tuliyaona hayo tangu utotoni bila kuyatafakari, mpaka simu ya mwenzetu ilipopotea kwenye saluni ya kinyozi.

Alikuwa ameketi kitini, mashine ikiwa shingoni, na simu yake ikichajiwa kwenye benchi nyuma yake. Ndani ya kioo alimwona kijana amesimama huko nyuma, uso ameuinamisha, mkono mmoja umefungwa bandeji. Kinyozi alipomaliza, kijana hayupo na simu haipo.

"Mkono gani?" tulimwuliza.

"Wa kushoto," akajibu bila kusita.

Nasi tulimjua mmoja mwenye bandeji mkono wa kushoto. Alikuwa amefika karibuni pamoja na mama yake wakikimbia vita, akaanza kuimba nasi katika kwaya. Tulimwendea tukiwa sita. Hatukumpiga, lakini tulimpekua mbele ya mama yake, wala hatukupata kitu.

Jioni mmoja wetu, ambaye moyo wake haukutulia, alituita tena saluni. Alifunga leso mkono wake wa kulia, akasimama mahali pale pale, na mwenye simu akaketi kitini. "Wa kushoto," alisema akitazama kioo. Kisha akageuka, akanyamaza.

Hapo tulianza kubishana. Kwa nini kioo kibadilishe kulia na kushoto, kisibadilishe kichwa na miguu? Ilituchukua siku kadhaa kutambua kwamba kioo cha ukutani hakibadilishi hata kimoja. Simama ukielekea kaskazini: mkono wako wa mashariki unabaki mashariki ndani ya kioo, na kichwa kinabaki juu. Ila pua yako inayoelekea kaskazini, humo inaelekea kusini. Kioo hupindua upande ule tu kinaoutazama, mbele na nyuma. Ziwa nalo, kwa kuwa limelala, hutazama juu, ndiyo maana hupindua mlima. Kushoto na kulia tunavigeuza wenyewe, tukidhani kwamba yule wa ndani ni mtu aliyezunguka akaja kutukabili.

(Jambo jingine lililotushangaza: kioo chenye nusu ya urefu wako, kikitundikwa vema, hukuonyesha mwili mzima, hata ukirudi nyuma hatua kumi. Jaribuni.)

Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorintho, alitaja kuona kwa njia ya kioo. Tulizoea kueleza kwamba vioo vya wakati ule vilikuwa vya shaba iliyong'arishwa, vyenye giza. Kioo cha saluni yetu, lakini, kilikuwa safi kabisa, na shahidi wetu hakusema uongo. Wala hakuna aliyetulazimisha kuamini kwamba bandeji moja yatosha kumhukumu mtu. Tungekuwa tunamjua kwa miaka mingi, je, tungempekua?

Tulirudi kwao sote sita kuomba msamaha. Mama alitupa viti, akatusikiliza hadi mwisho. Mwanawe alisema ametusamehe. Jumapili mbili zimepita, na kwenye kwaya hajarudi.