Madirisha ya Nyuma

Kwa jioni kadhaa tumekuwa tukitengeneza kwa kadibodi mfano wa stesheni ya Kigoma, mwisho wa Reli ya Kati, ambako reli kutoka Dar es Salaam ilifika mwaka 1914. Kila kitu tumekipunguza mara 87. Mlango wa mita 2 unabaki milimita 23. Matao na madirisha ya mbele tuliyakata kwa wembe, tukayapiga msasa, tukayabandika moja moja. Madirisha ya nyuma, kwa uchovu, tuliyachora kwa kalamu tu. Mfano ungeegemezwa ukutani, nani angeyaona?

Juzi alitutembelea mzee mmoja aliyefanya kazi relini, ambaye sasa macho yake hayaoni. Aliomba aushike. Vidole vyake vilipita taratibu juu ya matao, akatabasamu. Vikazunguka nyuma, vikasimama.

“Baba, huku hakuna madirisha,” akasema kwa upole.

Tulikosa la kujibu. Usiku ule tuliubandua ukuta wa nyuma, tukaanza kukata upya. Kazi tuliyodhani haina wa kuiona ilikuwa na wa kuigusa.