Nilihama laptopu baada ya miaka saba. Kuna mtu nilikuwa naogopa kumwambia

Wadau, leo sitaongea kuhusu kamera wala taa. Nataka kuongea kuhusu laptopu na kuhusu mamangu, kwa sababu kwangu hivyo viwili vilikuwa kitu kimoja kwa muda mrefu sana.

Mwaka wa 2018 nilipopata barua ya kujiunga na chuo, mama alikuwa kwenye chama cha akina mama kumi na wawili kule nyumbani Embu. Kila mwezi mmoja wao anapewa mchango wote. Zamu ya mama ilikuwa Novemba. Akamwomba jirani wabadilishane, akachukua ya Agosti, na ile pesa aliyokuwa amepanga kununulia tangi la maji akaifunga kwenye leso, akapanda matatu hadi Nairobi. Tukaingia duka moja pale Moi Avenue. Laptopu ilikuwa ya mtumba, zile tunaita ex-UK, shilingi 22,000. Mama alihesabu noti mara mbili, kisha akamwuliza mwenye duka, "Hii itamfikisha?" Jamaa akasema itamfikisha. Hakuna aliyeuliza itamfikisha wapi.

Jina la kampuni iliyoitengeneza sitalitaja. Si uoga. Mkifika mwisho mtaona kwa nini.

Lakini jueni nilikuwa shabiki. Mtu akisema vibaya kuhusu hiyo kampuni nilikuwa namjibu kama vile ametukana kijiji chetu. Hosteli tulikuwa na jamaa mmoja wa Mac, na mimi ndiye niliyekuwa nikimwambia Mac ni ya watu wa kukaa mkahawani wakinywa kahawa ya mia tatu, si ya watu wa kazi. Sikuwa nimewahi kuishika Mac hata dakika tano. Nilikuwa natetea tu kitu nilichokuwa nacho. Na kusema ukweli, nilikuwa namtetea mama.

Sasa songa hadi Agosti 2025. Nilikuwa nimerekodi harusi, na mteja alitaka video fupi ya dakika tatu ifike kwake Jumapili jioni, ili waionyeshe kwenye chakula cha familia. Kitu rahisi. Nikamaliza kuhariri saa tisa mchana, nikaiweka itoe faili. Ikafika asilimia 60, ikaganda. Nikaanza upya. Feni inalia kama posho mill. Saa kumi na moja na nusu, imefika asilimia 80 na kitu, stima zikapotea mtaa mzima. Betri ilikuwa imekufa miaka miwili nyuma. Hiyo laptopu ilikuwa inaishi kwa waya kama mgonjwa wa ICU. Kimya. Skrini nyeusi. Nikaona uso wangu humo ndani.

Video ilifika Jumatatu saa nne asubuhi. Chakula kilikuwa kimeshaliwa, wageni wameshaenda. Yule bibi harusi hakunitukana. Aliniandikia tu, "Asante, ilikuwa siku moja." Salio la shilingi 15,000 sikulidai. Ningelidai na uso gani? Na kazi hizi zetu ni za kuambizana. Harusi moja ikienda vibaya, ujue kuna nyingine tatu ambazo hutawahi kupigiwa simu.

Hapo ndipo nikaamua. Pesa niliyokuwa naweka ya lenzi mpya itanunua laptopu, na safari hii nitaangalia kampuni zote, hata ile niliyokuwa naicheka.

Nilimwuliza rafiki anayerekodi mahubiri na matanga, mtu asiye na maneno mengi. Nikamwambia nataka laptopu kali. Akaniuliza, "Ya kufanya nini?" Nikasema video. "Za urefu gani? Unatumia programu gani? Stima kwenu hupotea mara ngapi kwa wiki?" Manze, miaka saba na hakuna siku nilikuwa nimejiuliza hayo maswali. Swali langu lilikuwa moja tu: ni ya kampuni gani?

Nikaishia kununua MacBook Air ya M1, ya mtumba, shilingi 78,000. Hiyo M1 Apple waliitangaza Novemba 2020, kwa hivyo mimi naichukua ikiwa karibu miaka mitano sokoni, bei imeshuka. Nilichopendea ni vitu viwili. Cha kwanza, ndani ya chipu kuna sehemu maalumu ya kufungua na kufunga video za kawaida, zile za H.264 na HEVC ambazo kamera zetu na simu zetu hurekodi. Kazi hiyo haibebwi na prosesa peke yake. Cha pili, inatumia moto kidogo hadi hiyo Air haina feni kabisa, na betri inakaa. Kwa mtu wa mtaa wangu, betri inayokaa si anasa.

Kabla sijatuma pesa, rafiki yangu alinifunza kuangalia mambo mawili, na mimi nawapa bure. Hakikisha aliyeitumia kwanza ameondoa akaunti yake, na kwamba si ya ofisi fulani inayoweza kuifunga kutoka mbali. Ifute, iwashe upya pale pale dukani, uone kama inakuomba akaunti usiyoijua. Ikiomba, rudisha pesa mfukoni. Halafu angalia betri imezungushwa chaji mara ngapi. Mashine hizi huhesabiwa mizunguko 1,000 kabla betri kuonekana imezeeka. Yangu ilikuwa na 214. Nikalipa.

Wiki ya kwanza nilitaka kulia. Hakuna anayekwambia kwamba kuhama kampuni ya kompyuta ni kuhamisha vidole. Akili inajua, vidole havijui. Nilizoea Ctrl na C. Huku ni Command na C, na Command iko pahali kidole gumba ndicho kinafika. Nabonyeza Enter kufungua video, inaniuliza kama nataka kuibadilisha jina. Nabonyeza kile kidude chekundu nikidhani nimefunga programu, kumbe nimefunga dirisha tu, programu bado iko. Nilikuwa najiona mjanja wa kompyuta mtaa mzima, na sasa niko hapo nauliza intaneti jinsi ya kunakili faili kama mtoto wa darasa la nne.

Halafu diski yangu ya nje. Kazi zangu zote za miaka zilikuwa humo. Nikaichomeka, faili zikaonekana vizuri, video zinacheza. Nikajaribu kuweka kitu kipya, ikakataa. Hapo nilitokwa jasho. Kumbe diski yenyewe niliiumba kwa mtindo wa NTFS, wa Windows, na Mac huusoma tu, haiuandikii bila programu ya ziada. Dawa yake ni kutumia mtindo wa exFAT, ambao pande zote mbili husoma na kuandika. Lakini kubadilisha mtindo kunafuta kila kitu, kwa hivyo ilibidi niazime diski nyingine, nihamishe kila kitu, nifute, nirudishe. Usiku mzima. Kosa halikuwa la mtu. Ni mimi sikuwa nimeuliza. Wewe ukipanga kuhama, fanya hilo kabla ya kununua, si baada.

Wiki ya tatu ndiyo nikapumua. Harusi nyingine, Kiambu. Nikiwa katikati ya kutoa faili, stima zikapotea tena, yaani kama vile zilikuwa zinaniangalia. Nikasikia majirani wakipiga yowe. Mimi nikainua mkono kutoka kwa kibodi nikangoja. Laptopu haikushtuka. Video ikaisha baada ya dakika chache, nikaituma kwa bando la simu, nikakaa hapo gizani nikicheka peke yangu.

Kama ningesimamia hapo, hii ingekuwa hadithi ya "hamieni Mac". Lakini kuna kitu kilitokea baadaye ambacho kinaniuma kidogo, na ndicho kilichonifanya niandike.

Mwezi wa Novemba nilipeleka ile laptopu ya zamani kwa fundi Luthuli Avenue, nione kama itapata hata elfu tano. Fundi aliifungua kwa bisibisi moja tu, akaniangalia. "Hii ulikuwa unafanyia video?" Nikasema ndiyo. "Na hii diski?" Ilikuwa ile ya kuzunguka, mizunguko 5,400 kwa dakika, ileile iliyokuja nayo. RAM ilikuwa GB 4, na kando yake kulikuwa na nafasi tupu ya kuongeza nyingine. Tupu. Miaka saba. Akaniwekea SSD na RAM ya mtumba na betri mpya, zote pamoja shilingi 9,500. Mashine iliyokuwa ikiwaka kwa dakika nne ikawaka kwa sekunde ishirini na kitu.

Nilikaa kwenye ile stuli ya fundi nikiona aibu. Nilikuwa nimeambia kila mtu kwamba ile kampuni ilinichoma. Kumbe mashine ilikuwa inaomba vipuri vya elfu tisa na mimi naipiga makofi mgongoni. Ndiyo maana jina lake sikulitaja.

Sisemi kuhama kulikuwa makosa. Nilijaribu video moja kwenye zote mbili, dakika tatu zilezile. Ya zamani, hata baada ya kufufuka, ilichukua zaidi ya nusu saa. Hii mpya haikufika dakika tano. Kwa kazi yangu, nilihitaji kuhama. Lakini sababu niliyokuwa natoa ilikuwa ya uongo. Sikuhama kwa sababu kampuni moja ni nzuri na nyingine ni mbaya. Nilihama kwa sababu kazi yangu ilikua, na mashine ilibaki pale mama alipoiacha.

Na huku nilikohamia kuna bei yake pia. RAM ya M1 imeungwa humo ndani. Ukinunua ya GB 8 ni GB 8 hadi siku ya kuzikwa. Hakuna nafasi tupu, hakuna fundi wa Luthuli wa kukuongezea. Matundu ya kuchomeka ni mawili tu ya USB-C na lile la earphone. Kwa hivyo lazima ujue mahitaji yako siku unayonunua, wakati wengi wetu siku hiyo tunajua tu pesa tuliyo nayo. Ukiniuliza leo ununue ya kampuni gani, nitakujibu kama yule rafiki yangu: ya kufanya nini? Na kabla hujaitupa ya zamani, lipa mtu aifungue uone ndani kuna nini.

Ilibaki kumwambia mama. Nilikuwa nimemficha miezi mitatu, mtu mzima.

Desemba nikaenda nyumbani na zote mbili kwenye begi. Ile ya zamani prosesa yake haikubaliwi na Windows 11, na Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya bure ya kawaida mnamo 14 Oktoba 2025, kwa hivyo nikawa nimeiwekea Linux Mint. Mama siku hizi ndiye mweka hazina wa chama, na hesabu anaandika kwenye kitabu kikubwa cha kaunta. Mama huniita Baba, kwa sababu nimepewa jina la babake.

"Baba, kwani ile iliharibika?"

"Haijaharibika, mama. Ilishindwa na kazi yangu."

"Na mbona unaongea ukiangalia chini?"

Nikamwambia ukweli. Kwamba nilikuwa naogopa ataona nimetupa jasho lake. Mama akacheka hadi akaweka kikombe chini. "Kwani nilikuozesha hiyo laptopu? Nilikununulia usome. Ukasoma. Ukafanya kazi." Akaonyesha nje kwa kidevu. "Na lile tangi si ulilinunua nayo?"

Ni kweli. Mwaka wa 2022, kwa pesa ya video nilizohariri kwenye mashine hiyohiyo, nilimnunulia tangi la lita 3,000. Nilikuwa nimesahau kabisa. Yeye hulichotea maji kila asubuhi.

Nikamfungulia karatasi ya hesabu kwenye LibreOffice. Hakuuliza ni Windows au ni nini. Aliuliza, "Majina naandika wapi?" Tukaingiza akina mama kumi na wawili na michango ya mwezi. Mashine ikajumlisha yenyewe, na jumla ikapungua shilingi 400 kuliko ya kitabu. Mama akavaa miwani. Akaenda kuleta kitabu. Tukapitia mstari kwa mstari hadi saa nne usiku, tukapata pahali alikuwa amebeba vibaya.

Juzi amenipigia simu nikiwa kazini. "Baba, hii kitu inaniomba neno la siri na mimi nimelisahau." Nikamkumbusha. Nikasikia vidole vyake vikibonyeza polepole, herufi moja moja, kisha akasema, "Haya, imefunguka. Endelea na kazi yako."