Kinywaji cha Ndizi Katika Mwambao wa Rumonge

Barabara itokayo Bujumbura kuelekea kusini huambatana na Ziwa Tanganyika kwa kilomita zipatazo 70 hadi kufika Rumonge. Njiani, huko Mugere, liko jiwe la kumbukumbu ya Livingstone na Stanley, waliopita mwaka 1871. Kadiri msafiri anavyosonga mbele, michikichi huongezeka, na harufu ya mawese huchanganyika na ile ya dagaa waanikwao juani.

Mgeni aliyezoea vinywaji vya Ulaya huenda akaulizia kileo cha matofaa, kama kile cha Normandy nchini Ufaransa. Mtofaa hupenda baridi, na mwambao huu ni wa joto mwaka mzima. Lakini upo urwarwa, yaani pombe ya ndizi, ambao ni ndugu wa kileo hicho: hapa pia tunda hukamuliwa, na sukari yake ikageuka kuwa kileo.

Ndizi mbichi hufukiwa shimoni na kufunikwa kwa majani ya mgomba hadi ziive. Kisha humenywa na kukandwa pamoja na nyasi ndani ya chombo cha mti kilichochongwa mithili ya mtumbwi, na maji yake huchujwa. Yakinywewa kabla hayajachacha, maji hayo matamu huwafaa watoto na wote wasiotumia kileo. Nalo si jambo dogo Rumonge, mji wenye Waislamu wengi. Yale ya pombe aghalabu huongezwa maji, hutiwa unga wa mtama uliokaangwa, kisha huachwa siku mbili au tatu.

Urwarwa mzuri hausafiri mbali, kwani baada ya siku chache huwa mkali kama siki. Autakaye hana budi kuufuata unakotengenezwa, naye aulize mambo matatu: umetengenezwa lini, na nani, na kwa maji ya wapi?

Swali la tatu ndilo zito. Kipindupindu kimezuka mara kwa mara katika mwambao huu, na kwa desturi maji ya ndizi hayachemshwi. Maji ya ziwa au ya mto yakiongezwa vivi hivi, kinywaji kitamu huweza kuiangusha nyumba nzima, watoto wakiwamo. Inafaa maji hayo yachemshwe, yapozwe, na vyombo visafishwe. Aidha, askari aliye likizoni asidanganywe na kanyanga, pombe ya moshi itengenezwayo kwa siri: hiyo ni marufuku, na huweza kuua.

Nchini Burundi pombe hukamilisha mazungumzo ya mahari na mapatano ya waliogombana. Kwa desturi, mwenyeji huonja kwanza, ili mgeni ajue kwamba hakuna sumu. Mama wa nyumba achemshaye maji kabla ya kukamua ndizi zake humpa mgeni heshima iyo hiyo, naye huwalinda na watoto wake mwenyewe.