Nilivyoziharibu Kurasa za Dada

Wasomaji wenzangu wengi hunisifu kuwa ni hodari wa kupiga chapa. Leo naungama.

Likizo iliyopita dada yangu alinipa taarifa yake ya chuo, kurasa 43, niipige kwa kompyuta. Kila sura ilipokwisha nilibonyeza Enter mara ishirini au thelathini, mpaka sura iliyofuata ikafika juu ya ukurasa mpya. Kwa macho ilipendeza kabisa.

Siku ya kuikabidhi, mwisho saa kumi alasiri, tulikwenda kuichapisha kwenye kibanda kimoja hapa Namuwongo, karibu na reli. Dada alikuwa na fedha za kuchapisha mara moja tu, nazo alizipata kwa kuuza chapati. Kompyuta ya pale haikuwa na aina ya herufi niliyoitumia, ikaweka nyingine iliyo pana zaidi. Basi mistari ikaongezeka, na nafasi zangu tupu zikasukumwa ovyo: kichwa cha Sura ya Pili kikabaki peke yake chini ya ukurasa, na Sura ya Tatu ikaanzia katikati. Jedwali pana nalo lilikatwa ubavuni. Dada hakusema neno. Afadhali angenitukana.

"Sogea, mwanangu," akasema mama mwenye kibanda. Akazifuta nafasi zangu zote, kisha mwanzoni mwa kila sura akabonyeza Ctrl na Enter kwa pamoja. Hapo ukurasa hukatwa kweli. Maneno yakizidi au yakipungua, sura huanza ukurasa mpya vile vile.

Jedwali lilitaabisha zaidi. Nilipojaribu kuulaza ukurasa wake mmoja, zote 43 zililala! Mama akacheka.

"Katika LibreOffice," akasema, "kila ukurasa una mtindo wake, kama ninyi wanafunzi na sare za bweni. Ukibadili sare, bweni zima limebadilika."

Akakata ukurasa kabla ya jedwali, akachagua mtindo wa kulala; baada ya jedwali akakata tena na kurudisha mtindo wa kawaida. (Katika Microsoft Word, alinieleza, hati hugawanywa sehemu sehemu, na kila sehemu huwekewa kurasa zake.) Mahali pale pale pa kukata Sura ya Kwanza aliamuru hesabu ianze upya kwa 1, baada ya kurasa za utangulizi i, ii, iii. Kumbe tulipochapisha, ukatoka ukurasa mtupu kati ya iii na 1, nami nikapiga kelele. Kosa halikuwepo: LibreOffice huweka namba witiri upande wa kulia kama vitabuni, kwa hiyo witiri mbili zikifuatana hutiwa karatasi tupu katikati.

Karatasi ile mama hakututoza. Saa tisa kasorobo dada alirukia bodaboda, taarifa kifuani, akaifikisha kwa wakati. Siku hizi nikimpigia chapa husimama nyuma yangu, akihesabu kila ninapogusa Enter.