Kusimama kwanza, kuruka nyuma

Sisi ndugu watatu tulikulia Bukavu, na Bruce Lee tulimjua katika nyumba za video. Tukitoka pale tulikuwa tunaruka mateke njiani na kupiga makelele kama yeye. Siku moja babu yetu alituangalia, akasema: «Kuruka muko munajua. Kusimama je?» Alitaka kutufundisha mieleka ya ujana wake. Tulicheka. Kwetu ile ilikuwa mambo ya kijijini.

Kumbe hata Bruce Lee mwenyewe hatukumjua. Alizaliwa San Francisco mwaka 1940, akakulia Hong Kong, na huko akajifunza Wing Chun kwa mwalimu Ip Man. Mwaka 1959 alirudi Marekani, akasoma filozofia katika chuo kikuu kule Seattle. Mwaka 1964 alipigana na Wong Jack Man, na hakuridhika na mapigano yake mwenyewe. Tangu hapo akaanza kuchungua upya yote aliyojua. Katika ngumi za Wazungu alichukua mwendo wa miguu, akitazama filme za Muhammad Ali, yule yule aliyekuja kupigana Kinshasa mwaka 1974. Katika mchezo wa upanga alichukua ufundi wa kukutana na pigo kabla halijafika. Ndiyo maana ya jina Jeet Kune Do alilolitoa mwaka 1967: njia ya ngumi inayokatiza.

Mafundisho yake ni haya: chukua kinachokusaidia, acha kisichokufaa, ongeza kilicho chako. Mwaka 1970 alifunga hata shule zake, maana aliogopa wanafunzi wataigeuza njia yake kuwa sheria nyingine. Alikufa mwaka 1973.

Wengi wanasema Bruce Lee alitupa mapokeo. Hapana. Yeye alijifunza kwanza, akachagua nyuma. Sisi njo tulitupa kabla ya kujua. Babu alikwisha kufa, na ile namna yake ya kusimama, hakuna kati yetu anayeweza kuwaonyesha watoto.

Leo vijana wanatuuliza kama ni vibaya kuchanganya vya kwetu na vya wageni. Tunawajibu: changanyeni tu. Lakini kwanza mwende kwa wazee wangali hai, muwaombe wawaonyeshe namna ya kusimama.