Si Kila Tumbo Kubwa ni Kitambi, na Si Kila Ini Limeuawa na Pombe

Mtaani mtu akianza kufura tumbo, kila mtu anageuka daktari. Wa kwanza atasema jamaa ameomoka, cheki kitambi. Miguu ikifura pia, stori inabadilika: amerogwa, ama pombe imemmaliza. Hiyo ya pombe ndiyo huniuma zaidi, kwa sababu ukishasema "alijitakia" hujioni tena una kazi ya kumsaidia.

Mjomba wangu hajawahi kuonja pombe. Ndiye alikuwa analipa karo yangu ya chuo, na alipougua pesa zikaenda hospitali, mimi nikarudi nyumbani. Vipimo vilionyesha hepatitisi B, virusi vilivyokaa kwenye ini lake miaka mingi kimya kimya. Lakini majirani walikuwa wameshatoa hukumu. Akaanza kuvaa koti kubwa hata jua likiwaka, na kanisani akaacha kwenda.

Wasee, hebu tuelewane kuhusu haya maji. Ini likiumizwa muda mrefu hujaa makovu, iwe ni virusi, pombe ama mafuta yaliyojazana ndani yake. Damu inayotoka kwenye matumbo hupitia kwenye ini, sasa inakuta njia imebana. Presha inapanda na maji yanavujia tumboni. Tena ini ndilo hutengeneza albumini, protini inayoshikilia maji ndani ya mishipa. Ikipungua, maji yanatoroka na kushuka miguuni. Ukibonyeza kwa kidole, kishimo kinabaki. Figo nazo zinadanganyika kwamba mwili umekauka, zinazuia chumvi, na chumvi inavuta maji zaidi.

Ndiyo maana vita vyetu nyumbani vilikuwa vya chumvi. Mgonjwa kama huyu huambiwa asizidishe gramu 5 hivi kwa siku nzima, kama kijiko kimoja cha chai, na hapo unahesabu hata ile iliyo kwenye mkate, soseji, krispi na vile viungo vya paketi. Wageni walikuwa wanasema tunamtesa mzee na chakula kisicho na ladha. Mama aligundua limau, dania na kitunguu saumu vinaokoa jahazi.

Kuna dawa za kumfanya akojoe maji yaliyozidi, na tumbo likikaza sana daktari huyatoa kwa sindano, lita kadhaa. Mtaani wanasema ukitolewa maji ndiyo basi. Si kweli. Hayo maji yanaweza kurudi kwa sababu ini bado linaumwa, lakini mtu anapumua, analala, anakula. Kinachotisha ni homa, maumivu ya tumbo, kuchanganyikiwa, kutapika damu ama choo cheusi kama lami. Ukiona moja ya hizo, ni hospitali siku hiyo hiyo. Na usimnunulie ibuprofeni ama diklofenaki kwa kemisti, zinaweza kuumiza figo zake.

Sasa maoni yangu. Hata kama mjomba angekuwa mlevi, bado angestahili kupelekwa hospitali mapema na kukaa mezani na watu wake. Kuna jamaa yetu alimtengea sahani na kikombe, eti ataambukiza. Hepatitisi B haipiti kwa kula pamoja. Hupitia kwa damu, ngono, na kutoka kwa mama hadi mtoto wakati wa kuzaliwa. Aibu ndiyo humfanya mtu ajifiche ndani ya koti hadi ashindwe kupumua.

Kwa hivyo wewe unayesoma hii, nenda ukapimwe. Ukipatikana huna na hukuwahi kuchanjwa, chanjo ipo, kwa kawaida sindano 3 ndani ya miezi 6. Ukipatikana nayo, kuna dawa za kuvidhibiti virusi kabla ini halijajaa makovu. Na ukiona mtu wako tumbo linapanda huku mikono na mabega yanakonda, usimtanie kuhusu kitambi. Mshike mkono mwende hospitali.