Kanisa Linapofungwa: Jumuiya za Nkoma na Sharika za Ughaibuni

Ibada ya Jumapili ndiyo sura ya usharika inayoonekana na wote, lakini imani ya waumini haikui siku hiyo peke yake. Njaa, mafuriko, vita au maradhi yanapovuruga ratiba ya kanisa, hubaki yale ambayo waumini wamezoea kuyafanya wenyewe bila kumngoja padre wala mchungaji. Korona, iliyothibitishwa Tanzania kwa mara ya kwanza tarehe 16 Machi 2020, iliwatia Wakristo wa nyumbani na wa ughaibuni katika mtihani mmoja, na kila upande uliingia na maandalizi yake.

Nkoma ni kata ya wilaya ya Itilima, mkoani Simiyu. Kabla ya mkoa huo kuanzishwa mwaka 2012, eneo hilo lilikuwa ndani ya wilaya ya Bariadi, mkoa wa Shinyanga. Ni nchi ya Wasukuma, wakulima wa pamba na wafugaji, na kaya zimetawanyika. Ukristo una mizizi mirefu mkoani humo. Kituo cha misheni cha Nassa, kando ya Ghuba ya Speke katika wilaya ya sasa ya Busega, kilichukuliwa na Africa Inland Mission mwaka 1909 kutoka kwa Church Missionary Society, na kazi hiyo ndiyo iliyozaa kanisa la Africa Inland Church Tanzania (AICT). Wakatoliki wa Bariadi na Itilima wamehudumiwa kwa miaka mingi na Jimbo la Shinyanga.

Katika nchi yenye kaya zilizotawanyika namna hiyo, padre mmoja mwenye vigango vingi, yaani makanisa madogo yaliyo chini ya parokia, hawezi kufika kila mahali kila Jumapili. Asipokuwepo, katekista huongoza ibada, husoma masomo na kufundisha. Kwa Waprotestanti kazi hiyo hufanywa na mwinjilisti pamoja na wazee wa kanisa. Muumini wa kijijini hukua akijua kwamba kutokuwepo kwa mchungaji si sababu ya kukosa ibada.

Chini ya kigango ipo jumuiya ndogo ndogo ya Kikristo. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, waliufanya mfumo huo kuwa kipaumbele katika mikutano yao ya mwaka 1973 na 1976. Kaya jirani hukutana kila wiki, kwa zamu, nyumbani kwa mmoja wao. Somo la Jumapili inayokuja husomwa na kutafakariwa, sala hutolewa, na mchango mdogo hukusanywa. Mwenyekiti anajua nani anaumwa, nani amejifungua na nani ana msiba. Mzazi anayetaka mtoto wake abatizwe huanzia kwake, kwa kuwa yeye ndiye atakayethibitisha kwamba familia hiyo inashiriki. Utaratibu huo si mgeni kwa Wasukuma, ambao tangu zamani wamekuwa wakilimiana mashamba kwa zamu.

Korona ilipoingia, serikali ya Tanzania ilifunga shule lakini ikaacha nyumba za ibada wazi, na tarehe 17 hadi 19 Aprili 2020 zikawa siku za maombi ya kitaifa. Mabadiliko yalikuwa ya desturi: maji ya baraka yaliondolewa milangoni, na kupeana mkono wa amani kukasitishwa. Nje ya makanisa ziliwekwa ndoo zenye koki. Pasipo na ndoo hutosha kibuyu chirizi, yaani dumu lililoning'inizwa kwenye mti, lenye kamba iliyofungwa kijiti chini. Mtu hukikanyaga kijiti, dumu likainama, na maji yakatiririka bila mkono kugusa chochote. Hata hivyo, huenda milango wazi ilikuwa na gharama. Mwezi Machi 2021, Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, Padre Charles Kitima, alieleza kuwa zaidi ya mapadre 25 na masista 60 walikuwa wamefariki ndani ya miezi miwili.

Kwa upande wa ughaibuni, Uingereza ilichukua njia nyingine. Makanisa yalifungwa mwezi Machi 2020, na siku ya Pasaka, tarehe 12 Aprili, Askofu Mkuu wa Canterbury, Justin Welby, aliongoza ibada akiwa jikoni kwake. Ibada za hadhara ziliruhusiwa tena kuanzia tarehe 4 Julai, lakini kuimba kwa pamoja kuliendelea kuwekewa vizuizi hadi Julai 2021. Hofu ya kuimba kwa pamoja ilikuwa na msingi. Huko Skagit, katika jimbo la Washington nchini Marekani, mazoezi ya kwaya ya tarehe 10 Machi 2020 yalihudhuriwa na watu 61. Wagonjwa waliothibitishwa na waliodhaniwa walifika 53, na wawili wakafariki.

Sharika za Kiswahili ughaibuni ziliumia kwa namna ya pekee. Nyingi hazina jengo lao. Huazima kanisa la wenyeji, pengine mara moja kwa mwezi, na uhai wake huwa katika kwaya na chai baada ya ibada. Jengo lilipofungwa, vyote viwili vikapotea. Zoom na WhatsApp vikaziba pengo. Aliyefanya kazi ya zamu na mama mwenye mtoto mchanga waliweza kusali na wenzao, na ndugu wa Tanzania wakajiunga: sala ya saa 2 usiku nyumbani ni saa 12 jioni London wakati wa kiangazi. Lakini kwenye Zoom sauti hazifiki pamoja, kwa hiyo wimbo hauimbiki. Wengi wakageuka watazamaji, na asiyewasha simu hakuna aliyejua hali yake.

Hapo ndipo penye tofauti kubwa. Katika jumuiya, asiyefika hufuatwa kwa miguu, na kila mmoja ana zamu ya kusoma, kuomba au kupokea wenzake. Mtu hukomaa kiroho kwa kubeba wajibu, na wajibu huo haufungwi pamoja na mlango wa kanisa. Nyumbani nako kuna la kujifunza kutoka ughaibuni: upendo kwa jirani ni pamoja na kumkinga na maradhi, na simu inaweza kumfikia mzee asiyeweza kutembea.

Basi sharika za ughaibuni zisingoje msukosuko mwingine. Ziwagawe waumini wao katika vikundi vya kaya jirani, viwe na viongozi wanaojulikana na zamu za kila wiki, kuanzia sasa.